Asiye na Kulungu ni Mzima

Kuvu ya magome iliingia kwenye mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Esker mwezi wa Februari, na kufikia Machi nusu ya zamu ya usiku ilikuwa inakohoa makohozi ya rangi ya chai. Kiwanda kilisema ni mafua. Baadaye kikasema ni sigara. Baadaye tena kikasema ni baridi ya mwaka ule, ingawa baridi ya mwaka ule ilikuwa ileile ya miaka yote, na watu wa Michigan ya kaskazini hawajawahi kukohoa chai kwa sababu ya baridi.

Duane Kestila aliendesha winchi kwenye uwanja wa magogo. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na lundo la magome lililopita urefu wa kanisa la Walutheri. Lilikuwa linaoza kwa ndani, likafuka mvuke hata theluji ilipofika magotini. Feni zilizotakiwa kuvuta vumbi lake nje zilikuwa zimezibwa na vumbi lenyewe. Wafanyakazi walilalamika, wakaambiwa feni mpya zimeagizwa.

Alipoanza kukohoa, Duane alifanya kama marehemu baba yake angefanya. Aliwasha moto kwenye kibanda cha sauna nyuma ya nyumba, akamwaga maji juu ya mawe, akakaa uchi kwenye benchi ili ugonjwa utoke na jasho. Kila alipotoka alikuwa mbaya kuliko alivyoingia. Kuni alizochoma zilikuwa magome ya kiwandani, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kubeba bure, mtu na gari lake.

Jumamosi moja asubuhi mkewe, Marlys, alikuwa anasugua kikaango kwenye sinki la jikoni. Alipoinua macho aliona kulungu amesimama nje, pua yake imegusa kioo. Kioo kilikuwa kinaingia ukungu na kutoka. Marlys aliacha kusugua akasikiliza. Chumbani Duane alikuwa anapumua kwa mara ya kwanza bila kukoroma kama msumeno. Kulungu alipovuta hewa, Duane alivuta. Kulungu alipositisha ili atafune kitu, Duane alisita. Alipomeza, wote wawili wakaendelea.

Marlys alikisimamisha kikaango kikauke.

"Duane," aliita. "Una kulungu."

"Dume au jike?"

"Sioni pembe."

"Mwezi huu hata dume hana pembe, mke wangu. Kaangalie paji la uso kama kuna makovu mawili."

Marlys alisogea dirishani. "Dume."

"Haya basi," alisema Duane, akajinyoosha, akalala chali kwa mara ya kwanza tangu Februari. Marlys alikata tofaa vipande vinne akampelekea mnyama.

Hawakuwa peke yao. Wiki ile kulungu walitoka msituni mmojammoja wakasimama kwenye nyumba za watu wa kiwanda, kila mmoja na nyumba yake. Hawakuchanganya. Mwanamume aliyehamia kwa mama yake baada ya kugombana na mkewe alifuatwa huko kwa mama. Watu waliwawekea nyasi kavu na karoti, na waliokuwa na bustani za maua wakakubali kwamba mwaka ule hakutakuwa na maua.

Daktari wa zahanati alikuwa msichana wa watu aitwaye Sheth, mgeni mjini, asiyewinda wala kuvua. Alimpiga Duane picha ya kifua, akaitundika kwenye taa. Mapafu yalionekana kama dirisha lililoshikwa na barafu.

"Hii ni fangasi," alisema. "Inaishi kwenye miti inayooza. Utakunywa vidonge mwaka mzima, pengine na zaidi. Kwa sasa mapafu yako hayafanyi kazi peke yake. Anayepumua ni kulungu, wewe unafuatisha. Mlishe, na usimwache aende barabarani."

"Bima inamlipia kulungu?" Duane aliuliza.

"Inalipia vidonge."

"Basi ni bima nusu."

Daktari hakucheka. Aliandika vidonge. Bima ilikuwa ya kiwanda, na kiwanda kilimtunza mgonjwa kwenye orodha yake hadi siku ya mwisho ya Novemba. Baada ya hapo mtu alikuwa amerudi kazini au alikuwa si mtu wa kiwanda tena.

Kuhusu barabara, mji ulijifunza kwa Lenny Trudeau. Lenny alikuwa fundi wa mikanda, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko wote Esker. Kulungu wake jike alivuka kufuata majani ya upande wa pili, lori la magogo likampitia. Lenny alikuwa kibarazani, akaona kila kitu. Alibaki na pumzi moja kifuani, ile aliyokuwa ameshaivuta. Angeitunza, Daktari Sheth alisema baadaye, angeweza kufika jioni, maana pumzi usiyoitumia haina haraka ya kwisha. Lenny aliitumia kumtukana dereva. Lilikuwa tusi refu, na dereva alikiri kwamba hajawahi kutukanwa vile, ila halikufika mwisho.

Kiwanda kilifungwa kwa muda wakati wa masika. Watu wa kukodi kutoka mbali walikuja na mavazi meupe na barakoa, wakaosha ofisi, wakaosha korido, wakaosha hata ngazi za kupandia ofisini. Lundo hawakuligusa. Magome ndiyo yaliyochomwa kwenye tanuru la mvuke, na bila mvuke hakuna karatasi. Kiwanda kikafunguliwa. Tangazo getini lilisema wagonjwa ni kumi na wanne. Mtu aliyeendesha gari kutoka kituo cha mafuta hadi kanisani alikuwa ameshawapita kulungu zaidi ya hao kabla ya kukata kona ya kwanza.

Hapo ndipo chuki ilipoanza. Kulungu alikuwa ushahidi unaokula kabichi za jirani. Wasio na kulungu waliwaambia wenye nao kwamba kiwanda kitahamia kusini kwa sababu yao. Kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa wenye kulungu walikaa meza zao na wengine zao. Mtu aliwarushia kulungu mawe usiku, na asubuhi mwanamume mmoja wa mtaa wa juu akaamka anachechemea kwa pumzi.

Kaka yake Marlys, Curt Beauchamp, alikuwa msimamizi wa zamu. Hakuwa na kulungu. Ofisi ya wasimamizi ilikuwa na kichujio cha hewa kilichobadilishwa kila mwezi. Curt hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa na aliye juu yake, na hilo lilimfanya msimamizi.

Majira ya joto dume la Duane liliota pembe. Kwanza vinundu viwili vyenye manyoya laini, halafu matawi. Duane alikaa dirishani akiyatazama yanavyokua. Hakuwa amewahi kumwona dume kwa karibu namna ile bila kumwona amekufa. Kufikia Agosti alikuwa anahesabu ncha kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa.

"Kumi," alimwambia Marlys.

"Sawa."

"Kuna nyingine mbili zinakuja pale nyuma. Baba hakuwahi kupata wa kumi na mbili. Babu naye hakupata. Curt ndiyo kabisa, maskini, yule amezoea kupiga vindama."

"Duane, unamwangalia vibaya."

"Namwangalia tu."

"Unamwangalia kama nyama."

Duane aliendelea kuhesabu ncha. Tangu akiwa na miaka kumi na minne hakuwahi kukosa msituni tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa bunduki unapofunguliwa. Hakuna mwanamume wa Esker aliyekosa. Siku hiyo shule hufungwa, harusi hazipangwi, na kiwandani mashine moja husimama kwa sababu wazima wote hupiga simu kwamba wanaumwa. Mwaka huu waliokuwa wanaumwa kweli hawakuweza kutembea hadi kambini. Walikaa madirishani na vizibao vyao vya rangi ya chungwa vimetundikwa nyuma ya mlango, wakiwatazama kulungu wao wakinenepa kwa karoti.

Mwezi wa Oktoba meneja wa kiwanda, Bwana Prentiss, aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Alitoka Ohio, na alikuwa amenunua kizibao cha chungwa dukani siku ileile; alama ya bei bado ilining'inia kwapani. Nje ya ukumbi kulungu walikuwa wamejipanga kwenye uwanja wa magari wakiwasubiri watu wao.

"Ndugu zangu," alianza.

"Ndugu zako wako Ohio," alisema Marlys.

Watu walicheka, wenye kulungu kwa shida.

"Ndugu zangu, mimi si daktari."

"Hilo nalo tunalijua."

"Nauliza tu swali la mtu wa kawaida. Kuvu inatoka wapi? Msituni. Na hawa wanyama wametoka wapi? Msituni. Wamefika lini? Mlipoanza kuumwa. Sasa nani kamletea nani?"

Halikuwa swali la kijinga mbele ya watu waliozoea kwamba kulungu akiharibu shamba dawa yake inajulikana.

Marlys alisimama. "Na magome yametoka wapi, Bwana Prentiss? Nayo si ya msituni? Nani aliyabeba mpaka kwenye pua ya mume wangu, kulungu? Alikodi lori?"

"Mama, naelewa una uchungu."

"Huelewi kitu. Nimekuuliza lori."

"Dada, kaa chini," alisema Curt kutoka mbele, bila kugeuka.

"Wewe nyamaza, kichujio."

Bwana Prentiss alisubiri vicheko viishe, kisha akasoma uamuzi. Halmashauri imekubali, na idara ya wanyamapori imetoa kibali. Msimu huu bunduki zitaruhusiwa ndani ya mji. Mwenye kulungu nyumbani kwake ana haki ya kwanza hadi saa sita mchana ya siku ya ufunguzi. Baada ya hapo ni wa mtu yeyote. Na kiwanda, kwa kuwajali watu wake, hakitamsumbua mtu na vipimo vya hospitali. Asiye na kulungu ni mzima. Akifika getini atarudishwa kwenye orodha papo hapo, na bima yake itaendelea kana kwamba hakuwahi kuumwa. Boriti ya kutundikia kulungu waliopigwa itawekwa mbele ya ukumbi kama kila mwaka, na mwenye dume la pembe nyingi kuliko wote atapewa friza.

Daktari Sheth alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti kwamba kila kulungu atakayepigwa ni mtu. Watu walimgeukia kwa adabu. Mzee mmoja alimuuliza kama amewahi kushika bunduki. Alisema hapana. Basi, alisema mzee, na mkutano ukaendelea kwenye suala la ukubwa wa friza.

Marlys alirudi nyumbani na Duane garini, akiendesha polepole, dume likitembea kando ya gari.

"Mpaka Januari," alimwambia Duane. "Sikuombi kingine."

Marlys alikuwa mpishi wa kibarua kwenye nyumba ya wazee. Januari angeajiriwa moja kwa moja, na ajira hiyo ilikuwa na bima ya familia. Daktari Sheth alikuwa ameahidi kutafuta vidonge vya Desemba popote vitakapopatikana. Kilichotakiwa ni Duane akae ndani, na dume liwe hai, wiki mbili za msimu. Baada ya hapo bunduki zingerudi kabatini.

"Nitakaa kwa mshahara wa mke wangu?"

"Utakaa kwa pumzi ya kulungu. Mshahara wangu ndio unakukera?"

"Sijasema."

"Umesema kwa uso."

Marlys alichukua bunduki tatu za mumewe siku hiyohiyo, akazifungia kwenye stoo ya vyakula kazini kwake, nyuma ya magunia ya viazi.

Siku mbili kabla ya msimu Curt alikuja na mikate ya nyama na viazi aliyooka mkewe. Alikula mitatu kati ya minne aliyoileta. Dume lilikuwa dirishani, pembe zimejaa kioo chote.

"Shemeji," alisema, "hebu tuongee kama wanaume."

"Ongeeni kama watu," alisema Marlys. "Itatosha."

"Dada, huyu mnyama anamnyonya pumzi mumeo na wewe unamlisha matofaa. Angalia alivyonona yeye, halafu angalia huyu alivyokauka. Hesabu si ngumu."

"Ulifeli hesabu mara mbili, Curt. Nilikuwa darasa moja na wewe ile mara ya pili."

Duane alicheka, nje dume likatikisa mabega.

"Cheka tu," alisema Curt. "Mimi nimemwombea nafasi. Winchi yake inaendeshwa na kijana asiyejua breki iko wapi. Aje tarehe kumi na tano, ameshamaliza shughuli, apitishe kadi, basi. Na asipotaka, saa sita ikipita mimi nitakuja mwenyewe. Si kwa ubaya. Nisipokuja mimi watakuja wale mapacha wa Lindqvist, watampiga tumboni, aende kufia mtoni siku nzima. Unalitaka hilo?"

"Ukija kwenye uwanja wangu na bunduki nitakumwagia mafuta ya moto."

"Ukimpiga wewe," Duane aliuliza taratibu, "boritini litaandikwa jina la nani?"

"Sheria ndiyo hiyo, shemeji. Aliyepiga ndiye anayeandikwa."

"Kwenye wangu."

"Kwenye wa kwanza kupiga."

Marlys aliuona uso wa mumewe. Alijua pale kwamba hapiganii mnyama dhidi ya kaka yake tu. Alipokwenda kumimina kahawa, wanaume wawili walinong'ona, na Curt aliondoka kupitia upande wa kuni.

Jioni ya tarehe kumi na nne Marlys alilivuta dume kwa matofaa hadi kwenye kibanda cha sauna. Mlango ulikuwa mwembamba. Ilibidi aligeuze kichwa ubavu, aingize upande mmoja wa pembe, kisha mwingine, kama mtu anayeingiza kitanda chumbani. Dume halikugoma. Lilipanda benchi la chini likakaa. Marlys alifunga kufuli, akavaa ufunguo shingoni, akaning'iniza blanketi juu ya kidirisha. Duane alikuwa kitandani. Alisema leo hewa inanukia moshi wa zamani. Marlys alimwambia alale.

Kulipoanza kupambazuka milio ya kwanza ilisikika kutoka mtaa wa juu, mmoja, miwili, halafu mingi pamoja. Marlys alikuwa macho. Aligeuka akaona midomo ya Duane imekuwa ya rangi ya zambarau. Alikuwa anavuta na hakuna kinachoingia. Kibanda cha sauna kilijengwa na baba yake Duane kisipitishe hata upepo wa Januari, na dume lilikuwa limemaliza hewa iliyokuwemo.

Alitoka mbio na viatu vya ndani kwenye theluji, akafungua kufuli. Dume lilitoka kwa mgongo, polepole, likihangaika na pembe. Lilipopata nafasi lilisimama katikati ya uwanja, likainua kichwa, likavuta hewa. Nyuma yake Marlys alisikia mtu mwingine akivuta vilevile, pumzi ndefu, nzito, hewa nzuri kuliko zote tangu Februari. Aligeuka. Duane alikuwa kibarazani, amevaa kizibao cha chungwa juu ya nguo za kulalia, na bunduki ya Curt begani. Curt alikuwa ameiacha nyuma ya kuni za kibarazani.

"Duane, usifanye hivyo."

Wanaume wa Esker hufundishwa kulenga wakiwa watoto. Unavuta pumzi ijae, unaachia nusu, unabana nusu iliyobaki ili mkono usitikisike, ndipo unavuta kilimi cha bunduki. Duane alivuta ikajaa. Aliachia nusu. Alibana nusu.

Lilikuwa pigo safi, nyuma ya bega. Dume lilikunja magoti ya mbele, likalala kama lililokuwa limechoka.

Marlys alikaa kwenye theluji karibu na kichwa chake. Mvuke puani uliendelea kidogo kisha ukaacha. Alimtazama mumewe. Duane aliifungia bunduki usalama kama alivyofundishwa, akaiegemeza ukutani. Kifua chake hakikuwa kinapanda wala kushuka.

"Umeachia nusu," alisema Marlys.

Duane aliitikia kwa kichwa.

"Una nusu tu, mpumbavu wewe. Angalau ungebana yote."

Alifikiria hilo, akaitikia tena. Hakufungua mdomo. Aliingia ndani, akavaa nguo za kazi, akatoka na kibandiko cha leseni ya kuwinda chenye jina lake, akakifunga kwenye pembe. Curt alifika na gari. Alilitazama dume, akavua kofia.

"Dada, amefanya vizuri."

Marlys alimrushia kiatu cha ndani kilicholowa. Kilimpata usoni, naye hakukipangusa. Wanaume wawili walipakia mnyama. Duane alipopita karibu na mkewe aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo kwa muda ambao mtu mwenye nusu pumzi anaweza kuutoa. Kisha akapanda gari.

Boritini dume lilipimwa, likatundikwa katikati, penye heshima. Getini mlinzi aliangalia juu na chini nyuma ya Duane, hakuona kulungu, akaandika mzima. Ilikuwa tarehe kumi na tano ya kwanza katika historia ya kiwanda ambapo hakuna mashine iliyosimama. Wanaume walikuwa wamepiga kulungu wao vibarazani na kuwahi zamu. Bwana Prentiss alipita na sahani ya donati. Wengi walikataa kwa kutikisa kichwa, midomo imefungwa. Uwanja wa magogo haukuwahi kuwa kimya namna ile mchana.

Duane aliendesha winchi vizuri. Hakuna gogo lililoanguka. Nyuma yake lundo lilifuka. Kijana asiyejua breki alipelekwa kwenye mikanda, mahali alipokuwa Lenny Trudeau.

Karibu na chakula cha mchana Curt alikuwa kwenye ofisi yenye kichujio na wasimamizi wenzake. Mmoja alibisha kwamba dume lile lina ncha kumi na moja. Wakawekeana dau la kahawa. Curt alichukua redio ya upepo.

"Shemeji, hawa jamaa wanabisha. Ncha ngapi?"

Redio ilikwaruza. Duane angeweza kunyamaza. Angeweza kuonyesha kwa vidole alipotoka. Ofisi ina dirisha. Alibonyeza kitufe.

"Kumi na mbili," alisema, kwa sauti nzuri iliyojaa, na kila mtu mwenye redio alisikia.

Winchi ilibaki imenyanyua gogo hewani. Ililazimu wamwite kijana wa mikanda aje alishushe.

Curt alikwenda mwenyewe kumwambia dada yake. Marlys alikuwa jikoni kwenye nyumba ya wazee, anamenya viazi, mbele ya mlango wa stoo yenye bunduki tatu.

"Ulimuuliza kitu?" alisema, kabla Curt hajaanza.

Curt alizungusha kofia mikononi. "Nilimuuliza ncha."

"Naye akajibu."

"Akajibu."

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili, ndiyo."

Marlys aliendelea kumenya. Baada ya kiazi kimoja alisema, "Ondoka, Curt. Na usije msibani." Curt alikuja, akakaa nyuma.

Daktari Sheth alitaka kuandika kwamba Duane Kestila ameuawa na kuvu ya magome. Mwanasheria wa kiwanda alimwonyesha maandishi ya mlinzi wa geti: mtu huyo aliingia kazini mzima, hakuwa na kulungu. Iliandikwa moyo. Waliofuata wiki ile nao iliandikwa moyo, isipokuwa mmoja aliyefia kwenye ngazi, akaandikwa ngazi.

Friza ilifika kwa Marlys ikiwa na utepe. Wabebaji walimuuliza iwekwe wapi. Aliwaonyesha mahali, wakaichomeka umeme, ikaanza kuvuma. Nyama ilikuwa imeshakatwa na kufungwa, aliipanga ndani. Tangazo jipya getini lilisema wagonjwa wa kuvu kiwandani ni sifuri. Feni zilikuwa bado zimeagizwa. Malori yaliendelea kuleta magogo, magogo yakaendelea kumenywa, na lundo likaongezeka upande wa kanisa.

Msimu ulifungwa tarehe thelathini. Gharama yake ni hii. Kulungu wa mjini, ishirini na sita. Wanaume, ishirini na sita, na kumi na tisa kati yao walimaliza zamu kwanza. Wajane ishirini na wawili, kwa kuwa wanne hawakuwa wameoa. Watoto wa shule arobaini na mmoja. Tena mbwa mmoja wa mchungaji wa Kilutheri, ambaye mlinzi wa kiwanda alimpiga risasi kwa makosa kwenye giza la asubuhi. Kwa huyo mbwa kiwanda kiliomba radhi.